Primu ya Rayhana

Kama Hamdani angekuwa na miwani yake siku ile, pengine Rayhana asingejua kitu. Lakini miwani ilikuwa imekaliwa na mjukuu, ikavunjika mkono, na barua ilikuwa imeandikwa Kifaransa kwa herufi ndogo. Kwa hiyo Hamdani alitoka kwake, akavuka kichochoro, akabisha hodi kwa jirani yake, Rayhana, huku ameshika barua ndani ya bahasha yake.

"Mama Saidi, nisomee hii. Macho yangu leo haiko."

Walikuwa wakiishi hapo Majengo, mtaa wa mji wa Gisenyi, nyumba kwa nyumba tangu ujana wao, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini na mmoja katika kiwanda kimoja cha kushona sare, kwenye barabara ya kwenda Rubona. Hamdani alikuwa mkataji. Alitandaza vitambaa mezani, akachora kwa chaki, akakata. Rayhana alishona kola. Mtoto yeyote aliyesoma Gisenyi katika miaka hiyo, shingo yake iliguswa na kazi ya Rayhana. Wote wawili walitimiza miaka sitini mwaka huo wa 2025, na mwisho wa mwezi wa sita waliagwa siku moja, kwa keki moja iliyoandikwa majina yao mawili.

Barua ilitoka kwenye mfuko wa pensheni wa kiwanda. Pensheni ya serikali ni nyingine na ina hesabu zake. Huu ulikuwa mfuko wa ziada: mfanyakazi alikatwa kidogo kila mwezi, kiwanda kikaongeza cha kwake, ili mtu akistaafu apate kitu cha juu hadi siku ya kufa kwake.

Rayhana alisoma polepole, akimtafsiria. "Wanasema kila mwezi watakupa elfu kumi na tisa na mia tano."

"Alhamdulillah," alisema Hamdani. "Na yako?"

Yake ilikuwa juu ya kabati, imefika asubuhi ileile. Aliifungua, akaisoma, kisha akairudia toka juu.

"Elfu kumi na mia tano."

"Wamekosea?"

"Sijui."

Hamdani alikuna kidevu. "Lakini we na mi tulikuwa tunapata sawa. Tena kuna miezi ulinipita."

Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyelijua kuliko wao wawili, kwa maana kwa miaka mingi walikuwa wakikopeshana. Kwa mwaka mzima, ukigawanya, kila mmoja alipeleka nyumbani kama elfu mia na thelathini kwa mwezi. Hamdani aliikunja barua yake mara nne, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake njiani.

"Mama Saidi, ile yenye imezidi tunaweza kugawana."

"Acha, Hamdani. Sitaki franga yako. Nataka tu kujua juu ya nini."

Ndivyo alivyokuwa Rayhana tangu utotoni. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alilifumua koti la baba yake la sikukuu ya Idi, ili aone kola inasimamaje bila kulala. Alichapwa, akalishona upya, na kola ikasimama. Kazi yake yote ilianzia pale. Hakuwa mtu wa ugomvi. Jambo lisilomwelea lilimnyima usingizi tu, hata kama lilikuwa la mtu mwingine.

Kesho yake alikwenda kiwandani. Karani wa wafanyakazi aliitwa Karenzi, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyezaliwa Karagwe wakati wazazi wake wakiwa wakimbizi Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha huko.

"Shikamoo, mama," alisema akisimama.

"Marahaba." Mwanzoni wafanyakazi walikuwa wakimcheka kwa ajili ya shikamoo zake. Siku hizi waliokuwa watu wazima walizingojea. Rayhana aliziweka barua mbili mezani, yake na ya Hamdani, ambaye alikuwa amemruhusu. "Angalia hizi, uniambie kama iko kosa."

Karenzi aliangalia, akafungua kompyuta, akaangalia tena. "Hakuna kosa, mama. Pensheni hupigiwa hesabu kwa mshahara wa msingi. Primu ya kupita lengo haiingii."

"Juu ya nini haiingii?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo juu ya nini?"

Karenzi aliondoa macho kwenye kompyuta. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile miaka minne, na swali hilo hakuwahi kuulizwa, wala hakuwahi kujiuliza. Alivuta karatasi tupu, akaandika hesabu ili mama aione mwenyewe. Kila mwaka ndani ya mfuko ulimpa mfanyakazi sehemu moja ya mia ya mshahara wake. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na tano, yaani sehemu kumi na tano. Mshahara wa Hamdani ulikuwa elfu mia na thelathini, wote mshahara. Wa Rayhana ulikuwa elfu sabini. Zile elfu sitini zilizobaki, ambazo alizipata kwa kushona kola kupita lengo, zililipwa kila baada ya miezi mitatu kwa jina la primu.

"Na Hamdani hakuwa na primu," alisema Rayhana.

"Wakataji hawapewi. Mkataji akipewa primu atakimbia, na akikimbia atakata kitambaa vibaya au vidole vyake. Kwa hiyo walimwekea mshahara mkubwa kidogo, basi."

Rayhana aliiangalia karatasi. "Donc, basi, tulifanya kazi, tukapata sawa, lakini nusu ya franga yangu ilikuwa na jina lingine."

"Jina lingine, ndiyo. Kwenye mambo haya jina la malipo ndilo linaloamua."

"Na hiyo jina nani aliichagua?"

Karenzi alicheka kidogo, si kwa dharau. Akaenda kabatini, akarudi na jalada la kahawia lililoshika vumbi: kanuni za mfuko, za mwaka 2010. Alipekua hadi akafika kifungu alichokitaka, akakisoma kimoyomoyo kwa Kifaransa. Kisha akakisoma tena kwa sauti, akikigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi.

"Mshahara wa pensheni ni mshahara wa msingi, pamoja na malipo mengine yanayolipwa mara kwa mara kwa kipimo kinachojulikana. Hauingizi zawadi ambazo mwajiri hutoa kwa hiari yake."

Rayhana aliinama juu ya jalada.

"Soma tena," alisema Rayhana.

Akasoma tena.

"Sasa mi niulize. Primu yangu ilikuwa zawadi? Pale mlangoni iko ubao. Imeandikwa: kola ngapi, franga ngapi. Kila mutu anaujua. Zawadi ni ile ya Ubunani, ya mwaka mpya. Mwaka mumoja walitupa kitenge na sukari, mwaka mwingine wakatuambia Mungu awabariki, basi. Ile kweli ni hiari. Lakini primu?"

Rayhana akaendelea, sasa akijisaidia kufikiri kwa kusema.

"Mwaka wa volkano, wewe ulikuwa hujakuja. Ardhi ilitetemeka siku nyingi, ukuta wa nyuma ukapasuka, kiwanda kikafungwa majuma mawili. Tulikuwa tumekwisha kupita lengo mbele ya kufungwa. Madamu Mukasine alisimama mbele yetu, akasema hana franga, ukuta unataka simenti, lakini primu imeandikwa na lazima ilipwe. Akalipa. Kitu chenye lazima ilipwe, ni hiari?"

Mukasine alikuwa mkurugenzi wa kiwanda. Karenzi aliyaandika maneno hayo neno kwa neno. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amenasa.

"Kwa kifungu hiki, mama, primu ingepaswa kuingia. Kwa nini basi hawakuiingiza tangu mwanzo?"

"Si ndiyo niko nakuuliza."

Ni yeye Karenzi aliyeyaona maandishi. Pembeni mwa kifungu, kwa penseli iliyofifia, mtu alikuwa ameandika: *Primu: tazama PV ya tarehe 14/6/2010. M.* PV ni kumbukumbu za mkutano. Walitafuta katika jalada, katika kabati, na katika masanduku mawili yaliyokuwa chini ya ngazi. Haikuwepo. Lakini kwenye makaratasi ya hesabu ya wakati ule, M. alikuwa mtu mmoja tu: Mbonigaba, mhasibu wa kwanza wa kiwanda, aliyeacha kazi zamani akarudi kwao Mudende kulima viazi.

Jumapili, Rayhana alipanda pikipiki ya kukodi kwenda Mudende. Hamdani alichukua ya pili. Hakuna aliyemwalika, alisema tu kwamba tangu Jumanne, siku ya barua, chakula hakimshuki vizuri, na afadhali na yeye asikie.

Huko juu kulikuwa na baridi, na ng'ombe walikuwa wakilishwa kandokando ya barabara. Walimkuta Mbonigaba amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mbele ya rundo la viazi, akichagua mbegu. Vile vidogo vyenye macho mengi aliviweka kwenye kikapu, vilivyoumia alivitupa upande wa ng'ombe. Alikuwa na miaka sabini na mitano. Aliwatambua mara moja, akaagiza waletewe maziwa ya mgando, akauliza habari za Majengo, za watoto, za ukuta uliopasuka. Ndipo Rayhana akamweleza kilichomleta.

Mzee aliweka kiazi chini. "Miaka kumi na tano nilingoja mutu aulize ile neno," alisema. "Lakini sikufikiria atakuwa ni wewe."

"Juu ya nini isikuwe mimi?"

Mzee aliinuka. Aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na daftari gumu la mraba. Alikuwa mhasibu wa zamani, wa wale wanaoandika kila kitu mara mbili: nakala moja ya kazini, nyingine ya kwake. Akalifungua kwenye tarehe ile. Kumbukumbu zilikuwa za Kinyarwanda.

"Iko hapa. Mwanzo mi niliweka primu ndani ya mfuko. Niliwaambia wakubwa, hawa washonaji nusu ya maisha yao iko kwa primu. Wakakubali. Kisha tukaita wafanyakazi wote mahali pa kulia chakula, tuwaeleze kwamba kila primu itakatwa tano kwa mia, na kiwanda kitaongeza. Sasa sikia." Alisogeza daftari mbali na macho, akasoma akitafsiri. "*Mfanyakazi mmoja alisimama akasema: Franga za primu ni za masomo. Watoto hawawezi kungojea mimi nizeeke ndiyo wasome. Muiache ifike mikononi nzima. Watu wakapiga makofi. Kura: thelathini na nane wanataka primu isikatwe, watano wanataka ikatwe.*"

"Nani alisimama?" aliuliza Rayhana.

Mzee alimgeuzia daftari. Jina lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko safi wa mhasibu: *Rayhana Nyiramana, kola.*

Rayhana alilisoma jina lake kama mtu anayesoma la mgeni. Alikumbuka mwaka ule. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwanawe Saidi alikuwa sekondari, na binti yake Zuhura alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Alikumbuka hata kitambaa cha bluu alichokuwa akijifunga kichwani siku hizo. Lakini kusimama mbele ya watu na kuyasema maneno yale, hakukumbuka hata chembe.

"Hamdani, we ulikuwepo?"

Hamdani alikuwa akiangalia viazi. "Nilikuwepo. Nilikuwa nimesahau. Sasa anavyosoma, nakumbuka ulilia wakati ulikaa chini."

Upepo ulileta harufu ya moshi kutoka jikoni. Kisha Rayhana, badala ya kulia, aliinamia daftari tena na kuweka kidole kwenye neno moja.

"Hapa hukuandika primu. Uliandika agahimbazamusyi."

"Ndiyo neno letu. Zamani mwanamke akiwa anasaga mtama kwa jiwe, kazi ile inachosha, walimupa kitu kidogo cha kumufurahisha. Kinachomfurahisha msagaji. Ndiyo ilikuja kuwa primu."

"Walimupa akiwa anasaga ao akisha kumaliza?"

"Palepale. Akiwa anasaga."

"Na asipopewa?"

Mbonigaba alifikiri. "Mama yangu asipopewa, aliacha kusaga. Tulilala na njaa."

"Basi haikuwa zawadi," alisema Rayhana. "Ilikuwa sehemu ya unga."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Kisha akamwonyesha mstari wa mwisho wa ukurasa, ule ambao, alisema, ndio uliomfanya aandike kwa penseli kwenye kanuni. Mkutano ulikubali kwamba primu ibaki nje kwa miaka miwili tu, na baada ya hapo wafanyakazi waulizwe tena. Yeye aliacha kazi mwaka 2011, kabla ya miaka miwili kwisha. Hakuna aliyewauliza tena.

"Ningeandika kwa wino," alisema. "Ao ningemuambia mutu kwa mdomo. Nilifikiria karatasi inatosha."

Akachana ukurasa ule kwa uangalifu, akampa.

Njia ya kurudi iliteremka, na ziwa lilionekana chini yao lote. Walipofika Majengo Hamdani alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akamwuliza kama moyo wake umetulia.

"Bado," alisema Rayhana. "Nilifikiria nitakuta mutu alininyima. Nimekuta ni mimi. Sasa nataka kujua kama nilikosea."

Asubuhi iliyofuata Rayhana alimkabidhi Karenzi ukurasa ule, naye akaupeleka kwa mkurugenzi. Mukasine alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliusoma mara moja, akauliza kwa nini miaka miwili imekuwa kumi na tano, na alipoona kwamba hakuna wa kumjibu isipokuwa yeye mwenyewe, akaagiza mkutano wa wafanyakazi wote siku ya Alhamisi, palepale pa kulia chakula. Rayhana na Hamdani walialikwa.

Habari zilikuwa zimewatangulia, na zilikuwa zimepinda njiani. Kiwandani ilisemekana kwamba Mama Rayhana amerudi kudai primu ikatwe. Rayhana alipoingia, baadhi ya wasichana waliokuwa wakimkimbilia zamani walibaki wamekaa. Mkurugenzi alieleza jambo kwa ufupi, akauliza nani ana neno. Akasimama Murekatete.

Murekatete alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa Busasamana, naye ndiye aliyerithi mashine ya Rayhana kwenye kola. Alikuwa na mikono myepesi kuliko wote waliobaki. Alizungumza kwa adabu, macho chini, lakini hakupunguza.

"Mama Rayhana, mi nakuheshimu. Wewe ulinifundisha. Lakini wewe umekwisha kutoka, na sisi tuko ndani. Primu ndiyo nalipia nyumba, ndiyo nanunulia mutoto viatu. Ukikata leo unipe nikiwa na miaka sitini, nani ameniambia nitafika?"

Watu wengi walinung'unika kukubali. Rayhana alisimama. Alikuwa na ule ukurasa mkononi.

"Mwanangu, maneno yako yote iko hapa," alisema. "Sikiliza."

Akausoma, wa Kinyarwanda kama ulivyokuwa, hadi kwenye jina. Aliposoma jina lake mwenyewe, minong'ono ikaisha.

"Ni mimi nilisema vile. Ningekuwa wewe leo, ningesema vilevile. Tangu Jumapili nimejiuliza kama nilikosea. Sikukosea. Saidi alisoma, Zuhura alisoma. Lakini walimaliza. Zuhura alimaliza mwaka wa 2016. Kutoka pale mi nilikuwa na miaka tisa ya primu yenye haina ada ndani, na hakuna mutu alirudi kuniuliza: mama, bado unaitaka yote mkononi? Na mi pia sikujiuliza. Niliendelea tu kushona. Sikukuja hapa kusema mukatwe. Nimekuja kusema muulizwe. Leo, na tena, na tena."

Akakaa. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaacha alipoona yuko peke yake. Watu walikuwa wakihesabu kimyakimya, kila mmoja ya kwake.

Mazungumzo yaliendelea hadi saa ya chakula ikapita. Walitaka kujua mengi. Je, mtu akiugua na kola zikapungua, pensheni itashuka? Itashuka kidogo, alisema Karenzi, kwa sababu watachukua wastani wa miaka mitano ya mwisho. Je, anayefanya kazi sana ujanani na kuchoka uzeeni? Karenzi alikiri kwamba huyo hesabu haimpendi, na akaandika swali lake lizungumzwe. Je, mtu akifa kabla? Michango yake itarudishwa kwa aliowaandikisha. Hata Mukasine aliuliza maswali mawili, na Karenzi akayaandika nayo.

Mwishoni waliafikiana hivi. Kila mfanyakazi ataletewa fomu, achague mwenyewe kama primu yake iingie mfukoni au ibaki nje, na ataulizwa upya kila baada ya miaka miwili, tarehe ikiandikwa ndani ya kanuni zenyewe. Na kwa kuwa kosa la kutouliza lilikuwa la kiwanda, yeyote anayetaka, pamoja na waliostaafu mwaka ule, anaweza kuleta sehemu yake ya miaka mitano iliyopita, na kiwanda kitaleta ya kwake. Mukasine alisema wazi kwamba kwenda nyuma zaidi ya hapo mfuko hauwezi, na kwamba hatawadanganya.

Karenzi alimpigia Rayhana hesabu yake pembeni. Tano kwa mia ya primu za miezi sitini ilikuwa elfu mia na themanini. Akizileta, pensheni yake itaongezeka elfu tatu kwa mwezi.

"Maana yake, mama, itakuchukua miaka mitano kuzirudisha ulizotoa. Ukivuka hapo, ndiyo faida. Sitaki uingie bila kuelewa."

"Nimeelewa. Na Hamdani atanipita bado."

"Kwa elfu sita, ndiyo."

Elfu mia na themanini ilikuwa karibu sawasawa na primu yake ya mwisho kabisa, ile aliyolipwa walipoagwa, na ambayo bado ilikuwa SACCO bila kuguswa. Alikuwa ameiwekea mipango ya mabati ya jikoni. Aliifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani. Kutoa primu moja ili ishirini zihesabiwe: hilo lilimvutia, hata kama hesabu haikuwa na haraka. Alimwuliza Zuhura kwa simu, na Zuhura akasema mabati atayanunua yeye. Jumatatu akaenda akalipa.

"Miaka sitini na mitano si mbali," alimwambia Hamdani, ambaye alikuwa ameanza tena kula vizuri. "Nataka nione kama ile kijana alihesabu muzuri."

Fomu ziligawiwa mwanzoni mwa mwezi wa nane. Siku mbili kabla ya kuzirudisha, Murekatete alifika Majengo baada ya kazi, na fomu yake kwenye mfuko wa gauni. Alikaa kwenye mkeka, akakubali chai, akauliza kola za shati jeupe kwa nini hukunjamana upande wa kushoto. Rayhana akamweleza: si mkono wake, ni mguu wa mashine ile umelegea tangu zamani, aubane kila asubuhi. Ndipo msichana akaitoa fomu.

"Tantine," alisema, kama mtu anayemwita shangazi yake, "niweke alama wapi?"

"Sitakuambia."

"Nilijua hutaniambia. Lakini mi nimekuja tu."

"Mutoto iko na miaka ngapi?"

"Minne."

"Nyumba unalipa ngapi? Na mwezi wenye kola zinapungua, unalipa na nini?"

Murekatete alimjibu kila swali, na kila alipojibu alionekana kama anayasikia majibu yake kwa mara ya kwanza. Walikaa hivyo hadi chai ikapoa. Rayhana hakusema zuri wala baya. Aliuliza tu, lingine na lingine, kwa sababu alitaka kujua kwa kweli.

Kati ya washonaji arobaini na sita, kumi na tisa waliingiza primu zao mfukoni. Murekatete hakuwa miongoni mwao. Aliweka alama kwenye "hapana", akatia sahihi, akampelekea Karenzi, kisha akamwomba amwonyeshe kwenye kalenda ni mwezi gani hasa watakapoulizwa tena, na huyo mtoto wake atakuwa darasa la ngapi. Jumamosi alimpitia Rayhana kumweleza alichochagua, na sababu zake zote tatu. Rayhana alizisikiliza, akazipima, akakubali mbili. Ya tatu waliibishania hadi adhana ya alasiri, na Murekatete akainuka kwenda kumchukua mtoto.